Mtani Ana Kazi

Januari 2024, usiku mmoja wa baridi ya Kiirua, ile ambayo hata blanketi mbili haziiwezi, nilikuwa nimelala na simu usoni nikisoma watu nisiowajua wakibishana. Wanawake walikuwa wameuawa mfululizo mwezi huo, na mtandaoni watu walikuwa wakipanga maandamano ya tarehe 27. Mabishano yalikuwa makali. Kuna waliosema tatizo ni wanaume. Kuna waliouliza ati hao wanawake walikuwa wanatafuta nini kwenye nyumba za kukodi. Kuna waliowajibu hao wa pili kwa matusi, na matusi yenyewe waliyatafuta. Katikati ya moshi huo mtu akauliza mbona kila akisikia habari ya mke kukatwakatwa, inatoka kwetu mlimani.

Nikaona nafasi yangu imefika. Nikaandika kitu nilichokuwa nimekiandika mara nyingi tu, kwa sura mbalimbali: kwetu Meru hatuna talaka, tuna panga.

Laiki zikaanza kuingia kabla sijaweka simu chini. Wueh! Watu wakaongeza vicheko, picha, na zile video za mtu anayetimua mbio. Mabishano yaliyokuwa yamefika mahali pagumu yakageuka kuwa sherehe. Halafu likaingia jibu moja fupi kutoka kwa mwanamke nisiyemjua: “Mimi ni wa Naari. Dadangu hakupewa talaka. Hapo nicheke wapi?”

Naari ni jirani yetu hapa Buuri. Wadi yetu hata inaandikwa kwa majina yote mawili, Kiirua na Naari. Mtu huyo nisiyemjua huenda tumewahi kukanyagana viatu kwenye matatu moja.

Tangu usiku huo nimekuwa nikiyasoma mabishano ya mtandaoni kama msomaji, yaani kama vile mtu angesoma diwani au kutazama tamthilia: hiki kimejengwaje, kinafanya kazi gani, kimefaulu wapi na kimeanguka wapi. Naona tumechelewa kufanya hivyo. Hii ndiyo fasihi inayosomwa na watu wengi zaidi katika rika letu, na bado tunaizungumzia kama vile ni kelele za stendi.

Wanaojaribu kuizungumzia huigawa mara mbili. Upande huu wanaweka mambo mazito: ushuru, mauaji, deni la taifa. Upande ule wanaweka upuuzi: nani ameachwa na nani, chapati inafaa kuwa laini au ngumu, nani mkali kati ya Diamond na Ali Kiba. Halafu wanatuomba tuwe na upande wa kwanza zaidi na wa pili kidogo. Lakini mtu yeyote ambaye amekaa huko anajua watu ni wale wale. Saa tatu usiku wanachomana kuhusu chapati, saa nne wako kwenye Spesi wakichambua kifungu cha mswada, na saa tano mtu anatumia chapati ya saa tatu kueleza kifungu cha saa nne. Huwezi kung’oa kimoja ukabaki na kingine. Swali la maana ni mzaha wenyewe unafanya nini unapokutana na jambo zito. Unalifungua au unalifunga?

Kubishana hadharani na mtu usiyemjua si jambo jipya kwenye Kiswahili. Karne ya 19, Muyaka bin Haji wa Mombasa alirushiana mashairi na wapinzani wake wa Lamu wakati miji hiyo ikizozana kwa silaha. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza kuchapishwa Tanganyika mwaka 1923, kurasa zake zikawa uwanja wa wasomaji kutungiana mashairi, na baadaye magazeti mengine yakaendeleza desturi hiyo. Mtu wa mji mmoja anauliza, mtu wa mji mwingine anamjibu, hawajawahi kuonana. Na mara nyingi mjibuji hulifuata shairi la muulizaji, akachukua bahari yake na hata vina vyake. Hii sheria naipenda sana. Huwezi kumjibu mtu kwa vina vyake kama hukumsoma hadi mwisho. Umbo lenyewe linakulazimisha usikilize.

Kuna mkataba mwingine wa zamani unaotuhusu zaidi, nao ni utani. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Babu na mjukuu ni watani. Watani huambiana maneno ambayo mtu mwingine akiyasema zitapigwa ngumi. Kwenye msiba ndiko utani unakoonekana vizuri: mtani anaweza kuja akamwiga marehemu alivyokuwa akitembea, akazuia shughuli hadi apewe chochote, na waliofiwa wakajikuta wanacheka machozi yakiwa hayajakauka. Lakini mtani huyo huyo ndiye anashika jembe kaburi lichimbwe. Ndiye anateka maji na kupika. Ruhusa yake ya kucheka msibani inatokana na kazi aliyopewa msibani. Utani bila jembe una jina lingine, unaitwa kejeli.

Kwa hivyo nina vipimo viwili vya kusomea mzaha wa mtandaoni. Cha kwanza: anayetaniwa anaweza kurudisha? Cha pili: mtaniaji amebeba jembe?

Tuanze na mzaha uliofaulu, tena ule mkubwa kuliko yote tuliyowahi kutunga pamoja. Mwaka 2024, Mswada wa Fedha ulipoletwa na mapendekezo ya kutoza mkate ushuru wa asilimia 16 na magari ushuru wa asilimia 2.5, Rais William Ruto alikuwa tayari ameshabandikwa jina la Zakayo. Mtu wa nje angeona ni jina la kumdhihaki tu. Hebu litazame kama unavyotazama sitiari. Zakayo wa Injili ya Luka ni mkuu wa watoza ushuru, tajiri, mfupi, amepanda juu ya mti. Yesu anamwambia ashuke. Na kinachotokea baada ya kushuka ndicho hasa: Zakayo anaahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na yeyote aliyemdhulumu atamrudishia mara nne.

Yaani ndani ya neno moja na kitenzi kimoja, “Zakayo, shuka”, kulikuwa na hoja nzima. Una madaraka, uko juu, umechukua, teremka urudishe. Na tena, jambo ambalo watu wengi hawakuliona, jina hilo lilimwachia Rais mlango. Zakayo wa hadithi anaokoka. Mzaha ule haukumwita Farao, ambaye mwisho wake ni baharini. Ulimwita mtu anayeweza kubadilika siku hiyo hiyo kabla ya chakula cha jioni. Alikuwa na nafasi ya kujibu kwa bahari ile ile kama angetaka. Hicho ni kipimo cha kwanza, na ulikipita.

Jina hilo pia lilifanya kazi ya kutukutanisha. Kijana wa Kiirua ambaye hajui tofauti ya ushuru huu na ule, na ambaye angeona aibu kuuliza, aliingia kwa mlango wa kicheko. Alipofika ndani akakuta watu wakieleza mswada kifungu kwa kifungu, wengine kwa Kiswahili, wengine kwa lugha za nyumbani. Sisi kwetu tulikulia kwenye mabishano ya redio, mtu anapiga simu Muuga FM kubishana na mtu wa Igembe ambaye hatamwona maisha yake yote, na kijiji kizima kinasikiliza huku kikichambua maharagwe. Kwa hivyo mtindo tuliujua. Kilichobadilika ni kwamba sasa hakuna aliyengoja zamu ya kupiga simu.

Na kipimo cha pili je? Tarehe 25 Juni 2024 waandamanaji waliingia Bungeni na watu wakapigwa risasi. Tarehe 26 Rais akatangaza hatatia sahihi mswada. Kufikia tarehe 1 Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu vifo 39. Hapo ndipo ningeweza kujua kama vile vicheko vilikuwa utani au kejeli. Watu wale wale waliokuwa wakitunga meme wiki mbili zilizopita wakaanza kutafuta waliopotea, kutoa damu, kulipa bili za hospitali. Hanifa Adan akaongoza mchango wa kuwasaidia majeruhi na familia zilizofiwa, na mamilioni ya shilingi yakaingia kutoka kwa watu wasiojuana, mia mbili hapa, hamsini pale. Manze, hilo ndilo jembe. Waliocheka ndio waliochimba.

Kuna jambo dogo ambalo wakosoaji wa kizazi chetu hawakulisema. Ijumaa ya tarehe 5 Julai Rais alipokuja kwenye Spesi kuzungumza na vijana, mzaha ulirudi nyuma. Watu waliuliza juu ya waliouawa na waliotekwa. Mzaha ulikuwa umeshamaliza kazi yake ya kufungua mlango, wakauacha pale nje kama mtu anavyoacha viatu. Kujua saa ya kuacha kutania ni sehemu ya ufundi wa mtani, na siku hiyo wengi waliijua.

Mfano wa pili ni majirani zetu. Wakenya na Watanzania wametaniana mtandaoni miaka na miaka. Wao wanatucheka Kiswahili chetu, ati tunakiongea kama tunakipeleka mahabusu. Sisi tunawacheka upole wao, mtu anaomba radhi hata akikanyagwa yeye. Huo ni utani halisi kwa sababu unaenda na kurudi. Hakuna wiki tunayochomwa tukakosa la kujibu.

Sasa tazama mwaka 2025. Mwezi Mei, Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda walikamatwa Dar es Salaam, walikokuwa wamefuata kesi ya Tundu Lissu, na baadaye wakaeleza jinsi walivyoteswa. Mtandao wa X ukafungwa Tanzania mwezi huo huo. Oktoba 29, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima. Siku hizo nilisoma Wakenya wakiandika kwa Kiswahili kile kile kibovu tunachochekwa, ngeli zimegongana, sarufi imelala chali, wakisambaza habari za watu ambao sauti zao zilikuwa zimekatwa. Hakuna aliyesahihisha ngeli za mwenzake. Sitaki kuipamba hadithi hiyo, kwa sababu wapo pia waliotukana na wapo waliosambaza uongo. Lakini msiba ulipofika kwa mtani, jembe lilionekana.

Nimesifu vya kutosha. Sasa turudi kwa panga langu.

Mzaha wa hasira za Mmeru una miaka kwenye mtandao wa Kenya. Ukitaja tu unatoka Meru, mtu anaandika “usimkasirishe”. Ukishinda hoja, ulishinda kwa sababu watu wanaogopa utawakata. Ukishindwa, watu wanauliza kama umeenda kunoa. Mwanzoni nilikuwa naudhika. Baadaye nikagundua unalipa. Nikaanza kuutumia mwenyewe kabla hawajanitumia, na wafuasi wakaongezeka. Nikajiambia ni wetu, tunajitania wenyewe, tumeuchukua mkononi mwao. Hoja hiyo naisikia sana siku hizi kwa watu wa kila kabila: nikijicheka mimi, hakuna anayeumia.

Niupitishe kwenye vipimo. Anayetaniwa anaweza kurudisha? Nani hasa anataniwa pale? Mimi niliyeandika sikuwa mlengwa. Ukisoma sentensi yangu vizuri, panga liko mkononi mwa mwanaume na talaka inayokosekana ni ya mwanamke. Nilisema “kwetu” na “hatuna”, nikajumuisha watu wote wa Meru kwenye nafsi moja, kumbe nafsi hiyo ilikuwa na mshika panga peke yake. Anayekatwa hakuwa na kiwakilishi. Sarufi yangu ilimfuta kabla ya laiki ya kwanza. Kwa hivyo hakuna kujitania pale. Nilimtania mtu mwingine nikiwa nimevaa jina letu sote, naye hawezi kurudisha kwa sababu wengine wake wako kaburini.

Na kingine, mzaha ule ulikuwa jibu. Mtu alikuwa ameuliza swali la kweli, kwa ubaya au kwa wema, mbona visa hivi. Jibu lilihitaji mtu aongee juu ya mashamba, pombe, familia zinazomrudisha binti kwa mumewe na kumwambia avumilie, na hofu ya kuripoti mahali ambapo kila mtu anamjua kila mtu. Mimi ninayeishi hapa ningeweza kuyasema. Niliwapa sababu ya kutoyasema. Mzaha wa Zakayo uliwaingiza watu kwenye hoja, wangu ukawatoa. Ukiisoma “hatuna talaka, tuna panga” polepole, utaona pia kwamba ni hoja, tena mbaya: inasema ndivyo tulivyo, ni damu yetu, hakuna cha kufanya. Ni utetezi wa muuaji uliovishwa kofia ya kuchekesha.

Jembe? Sikuwa na jembe. Tarehe 27 maelfu ya watu waliandamana Nairobi na miji mingine. Mimi sikwenda popote.

Na siwezi kusema sikujua maneno ya mtandaoni yana uzito hapa kwetu. Mwezi mmoja tu kabla ya usiku ule, Desemba 2023, Daniel Muthiani, mwanablogu wa Meru aliyejulikana kama Sniper na aliyeandika sana juu ya siasa za kaunti, alikuwa ametoweka, na mwili wake ukapatikana Tharaka Nithi. Kesi ya mauaji ikafika mahakamani. Kila mtu Kiirua alikuwa akiongea hayo. Mwaka mmoja na nusu baadaye, Juni 2025, mwalimu Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay kwa ajili ya chapisho la X, akafia mikononi mwa polisi Nairobi. Walisema aligonga kichwa ukutani mwenyewe. Uchunguzi wa mwili ukaonyesha alipigwa. Kwenye nchi ambako mtu anaweza kufa kwa sababu ya aliyoyaandika kwenye simu, sisi wengine tunapata wapi ujasiri wa kusema “ni mtandao tu, relax”?

Najua jibu linalokuja. Utasema nataka watu waache kucheka, kila mtu aandike kama anaandika ripoti ya tume. Hapana. Siku tukiacha kucheka tutakuwa tumepoteza njia pekee inayowaketisha watu wasiojuana mahali pamoja kwa saa tatu. Kicheko ndicho kinatufanya tuvumiliane. Nimeona Spesi zisizo na mzaha hata kidogo, kila mtu mtakatifu, na zilikuwa zimekufa kabla ya nusu saa. Ninachotaka ni tusome mizaha yetu kwa ukali ule ule tunaosomea mashairi ya watu wengine. Tuulize nani yuko kwenye kiwakilishi na nani amefutwa. Tuulize baada ya kicheko, yule aliyeuliza swali bado ana mahali pa kusimama? Meme nzuri inaweza kustahimili maswali hayo. Zakayo aliyastahimili. Nyingi hazistahimili, na zangu ziko kwenye hizo nyingi.

Yule mwanamke wa Naari alinijibu kwa sentensi tatu fupi. Nimezisoma mara nyingi kuliko shairi lolote nililofundishwa shuleni. Alichukua neno langu, talaka, akanirudishia likiwa na mtu ndani yake. Alinijibu kwa vina vyangu, kama wale wa magazetini. Nilimwandikia “pole sana”, nikafikiri nimemaliza. Aliweka laiki tu, basi. Sikuwahi kumsikia tena.

Chapisho lile sikulifuta. Niliona kulifuta ni kumfuta na yeye, kwa sababu jibu lake lilikuwa limening’inia pale chini. Nikaandika chini yake mambo ambayo ningeandika mara ya kwanza, ya mashamba na pombe na binti anayeambiwa avumilie. Uzi mrefu, bila mzaha. Uliletewa laiki nne.

Mara moja moja bado mtu hulifukua lile la kwanza, analicheka, na simu yangu inalia. Juzi ililia nikiwa sokoni napakia viazi. Mama aliyekuwa akinishikia gunia akaniuliza, “Baite, mbona unaangalia simu hivyo? Kuna mtu amekufa?”

Nikamwambia hapana, ni watu tu wanacheka.